Kuvuma na Kudumu

Wazee wetu walisema kwamba ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Kila mwanafunzi aijua methali hii, na kila mwanafunzi amepata kuiandikia insha. Hata hivyo ni wachache waiaminio. Tukitaka kuupima wimbo hatuulizi kama ni mzuri. Twauliza umesikilizwa na watu wangapi. Tukitaka kumheshimu mwimbaji hatuulizi ameimba nini. Twauliza ana gari gani, na amefika nchi zipi. Methali twaiandika darasani, kisha twatoka nje na kuisujudia ngoma ivumayo.

Dai langu katika insha hii ni moja, nami nitalisema wazi ili asiyelikubali ajue pa kunipinga. Nasema kwamba kuvuma si kipimo cha kazi ya sanaa, na kwamba kudumu ni kipimo kilicho bora kuliko hicho. Nasema tena kwamba jamii iwasahauyo mafundi wake waliodumu, kwa sababu tu hawakuvuma duniani, yajidhulumu yenyewe kabla ya kuwadhulumu wao. Mfano wangu ni bendi moja ya muziki wa dansi ya Dar es Salaam, iitwayo Msondo Ngoma.

Mwaweza kuniuliza: Mumbuni na Dar es Salaam wapi na wapi? Sisi tu watu wa Machakos. Tuna vilima vyetu na magitaa yetu. Swali hilo ni la haki, nami nitarudi Machakos kabla sijaweka kalamu chini. Lakini kumbukeni kwamba bendi hii huimba kwa Kiswahili, lugha ileile mnayoihangaikia kila siku katika sarufi na ufahamu. Miaka sitini ya mashairi ya Kiswahili yaliyotungwa ili yaimbwe na watu wazima, juu ya mambo ya watu wazima, ni mali ya kila mtu asomaye lugha hii, awe amezaliwa Kisarawe au Kangundo. Tena, mtu huona kasoro ya jirani upesi kuliko yake mwenyewe. Tukitazama kwanza kwa jirani, huenda tukarudi nyumbani na macho makali zaidi.

Mwaka 1964 kiliundwa Tanganyika chama kimoja cha wafanyakazi wote, kilichoitwa NUTA. Mwaka huohuo chama hicho kilianzisha bendi, ikaitwa NUTA Jazz. Neno jazz lisiwapoteze. Katika Afrika Mashariki ya siku zile lilikuwa jina tu la bendi yoyote ya magitaa na tarumbeta. Utaratibu wake ulikuwa wa namna ya peke yake. Vyombo vilikuwa mali ya chama, na wanamuziki walikuwa waajiriwa wa chama, wakilipwa mshahara wa mwezi kama karani au dereva. Mpiga gitaa alikuwa mfanyakazi miongoni mwa wafanyakazi, na dansi lilikuwa kazi.

Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ilibadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 NUTA iliondoka ikaja JUWATA, yaani Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, na bendi ikawa JUWATA Jazz. Mwaka 1991 ikaja OTTU, na bendi ikawa OTTU Jazz. Hatimaye vyama vya wafanyakazi viliacha kuilea, wanamuziki wakabaki kujitegemea, na bendi ikajiita kwa jina ambalo wapenzi wake walikuwa wameizoesha zamani: Msondo Ngoma. Msondo ni ngoma ndefu ya pwani, itumikayo katika unyago. Tazameni basi jambo hili. Majina ya ofisini matatu yalikuja yakapita, na jina lililobaki ni lile la ngoma. Mwaka 2014 bendi ilitimiza miaka hamsini, na mwaka 2024 ikatimia miaka sitini tangu kuanzishwa kwake. Serikali ngapi, kampuni ngapi, na vyama vingapi vilivyozaliwa mwaka 1964 vimeweza kufika huko?

Wala njia yake haikuwa ya mteremko. Katika bendi hiyo alikuwamo tangu mwanzo mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Kisarawe, ambaye sauti yake ilijulikana nchi nzima. Mnamo mwaka 1978 Gurumo aliihama, na wengine miongoni mwa mafundi wake wakubwa, kama mpiga gitaa Abel Baltazar na mwimbaji Hassani Bitchuka, wakaihama vilevile. Wakaijenga bendi nyingine, Mlimani Park, ambayo baadaye ilimilikiwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, na ambayo wapenzi wake waliiita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Bendi iliyopoteza nguzo zake namna hiyo ingaliweza kuanguka, na pasingalikuwa na wa kuilaumu. Haikuanguka. Walikuja waimbaji wengine, akiwamo TX Moshi William, aliyeimba humo mpaka alipofariki mwaka 2006. Gurumo naye, baada ya kuzunguka, alirudi kwenye bendi aliyoianza, akaimba humo hata uzeeni.

Hapa pana fundisho la kwanza. Bendi ya namna hii si kundi la marafiki wanne wanaong'ara pamoja, wakagombana, wakatawanyika. Ni chuo. Kijana huingia akiwa hajui kitu, huketi nyuma ya mkubwa wake, husikiliza jinsi gitaa la pili linavyojibizana na la kwanza, hujua wapi tarumbeta ziingie na wapi zinyamaze. Hujifunza kwamba wimbo una sehemu mbili: ya kwanza ya polepole, ambamo hadithi husimuliwa na maneno husikika, na ya pili ya kuchemka, ambamo magitaa na tarumbeta hushika hatamu na watu hucheza. Mkubwa akiondoka, mdogo hukaa mahali pake. Hivyo wimbo uliotungwa na mtu aliyekwisha kufa huimbwa na mtu ambaye wakati huo alikuwa hajazaliwa. Sisi walimu tuliopita katika vyuo vya ualimu twalijua jambo hili vema: chuo ni ile kazi inayotoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine, na kuta huja baadaye.

Sasa nauliza: kazi kama hii, ya miaka mingi kama hii, ilipata nini ulimwenguni? Ilipata kidogo sana. Nje ya Afrika Mashariki, ni watu wachache walioijua: wataalamu wa muziki, na wakusanyaji wa santuri za kale. Katika Kenya yenyewe, nchi ya jirani isemayo Kiswahili, nimepata kuwauliza wanafunzi wa darasa zima watajiwe jina hilo, wakanitazama kama niliyetaja mji wa mwezini. Walakini wanafunzi walewale waliweza kunitajia waimbaji kumi wa Marekani, na nyumba zao, na wake zao.

Watu wengi hujibu upesi: kama muziki huo ungalikuwa bora, ungalijulikana. Hili ndilo neno ninalotaka kulipinga kwa nguvu zangu zote, kwa maana lina sura ya akili na ndani yake hamna akili. Tuchunguze kwa nini haukujulikana, tuone kama sababu ilikuwa ubora au ilikuwa kitu kingine.

Sababu ya kwanza ilikuwa santuri. Katika miaka ya 1960 na 1970 Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Viwanda vilikuwa Nairobi. Bendi ya Dar es Salaam iliyotaka kutoa santuri ilibidi itegemee Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, usifunguliwe hata mwaka 1983. Mwimbaji wa Dar es Salaam alifanya kosa gani hapo? Je, sauti yake ilikwaruza kwa sababu mawaziri walikosana?

Sababu ya pili ilikuwa redio, na sababu hii yachekesha na kuliza pamoja. Nyimbo zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, zikahifadhiwa katika tepe, zikapigwa hewani miaka nenda miaka rudi. Mvuvi wa Kilwa alizisikia, na mkulima wa Songea alizisikia. Lakini kupigwa redioni si kuuzwa. Nchi nzima ilikuwa ikiimba wimbo ambao hakuna duka lililouweka rafuni. Mtu wa ng'ambo aliyeutafuta muziki wa Tanzania madukani hakuuona, akarudi kwao akasema Tanzania haina muziki.

Sababu ya tatu ilikuwa wizi. Kaseti zilipoenea, kila mwenye mashine mbili na tamaa moja aliweza kunakili nyimbo za watu na kuziuza kando ya barabara. Msikilizaji alilipa, lakini aliyelipwa hakuwa mwimbaji. Sheria ya hakimiliki iliyolinda kazi za wasanii wa Tanzania kwa mapana zaidi ilitungwa mwaka 1999, bendi ikiwa na umri wa miaka 35. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kuibwa ndipo boma likajengwa.

Sababu ya nne ilikuwa mabadiliko ya uchumi. Katika miaka ya 1990 redio za watu binafsi zilifunguliwa, na vijana wakapata muziki wao mpya, uliotengenezwa kwa mashine na mtu mmoja au wawili chumbani. Bendi ya watu kumi na watano haiwezi kushindana na mashine kwa bei. Watu kumi na watano wana matumbo kumi na matano, na kila tumbo lina nyumba nyuma yake.

Hizo ndizo sababu. Katika hizo zote sioni hata moja inayohusu uzuri wa wimbo, ustadi wa mkono, au ukweli wa maneno. Basi asemaye kwamba muziki huu haukujulikana kwa kuwa haukuwa bora, na aseme pia kwamba mahindi ya Ukambani hukauka kwa kuwa mkulima hajui kulima. Mvua haihesabu?

Na msidhani kwamba jambo hili ni la Afrika peke yake. Huko Manchester, katika Uingereza yenye viwanda vya kila aina, mwaka 1976 iliundwa bendi iitwayo The Fall, katika vurumai ya muziki wa vijana ulioitwa panki. Kiongozi wake, Mark E. Smith, aliiongoza kwa zaidi ya miaka arobaini, mpaka alipofariki mwaka 2018. Wanamuziki zaidi ya sitini waliingia na kutoka. Haikuwa bendi ya kujaza viwanja vya mpira, wala nyimbo zake hazikuwa midomoni mwa kila mtu. Lakini ilikuwa na wapenzi waliokuwa radhi kununua kila santuri yake, na mtangazaji mashuhuri wa BBC, John Peel, aliitukuza mbele ya wasikilizaji wake mpaka mwisho wa maisha yake. Leo wanamuziki wengi wa nchi ile hukiri kwamba walijifunza kwake. Huko nako, basi, iliyovuma ni moja na iliyofundisha wengine ni nyingine. Tofauti ni kwamba Waingereza waliziweka santuri zake, wakaandika vitabu juu yake. Sisi twaweka nini? Twaandika nini?

Ni nani basi aliyeifikisha Msondo miaka sitini, ikiwa wafanya biashara wa ulimwengu hawakuijali? Ni wapenzi wake. Neno hili latumika Dar es Salaam kwa watu waifuatao bendi, nami nalipenda kuliko neno jingine lolote, kwa kuwa halina ndani yake harufu ya soko. Mpenzi wa Msondo hakuwa mnunuzi tu. Aliifuata bendi kutoka ukumbi hadi ukumbi. Alijua nani kaingia na nani kahama. Alibishana na mpenzi wa Sikinde kama vile mtu wa Simba abishanavyo na mtu wa Yanga. Bendi hizo mbili zilipopambanishwa katika ukumbi mmoja, kila upande ulikuja na majeshi yake. Watu hao walizeeka na bendi yao. Waliicheza wakiwa vijana wasiooa, wakaicheza tena katika arusi za watoto wao. Huo ndio msingi ambao hakuna gazeti la ng'ambo liwezalo kuupa au kuunyang'anya.

Sasa lipo pingamizi la pili, nalo hutoka kwa watu wenye heshima, kwa hiyo yafaa lijibiwe kwa heshima. Wasema: bendi hizi hupiga katika mabaa, penye pombe na usiku mrefu, haifai kuwatajia watoto wa shule. Nami nakubali kwamba pombe imewaharibu wengi, wanamuziki na wasikilizaji pamoja. Lakini nauliza: walijengewa ukumbi gani mwingine? Mji uliowanyima majumba ya sanaa una haki gani ya kuwalaumu kwa kupiga pale palipokuwa na watu? Tena, yasikilizeni maneno yenyewe. Mengi ni mawaidha: mume asimwache mkewe kwa tamaa, ndugu wasigombanie urithi kabla kaburi halijakauka, kijana asisahau waliomlea, kifo hakina miadi. Baba yeyote wa Mumbuni angaliyasema hayo hayo mbele ya wanawe. Ikiwa mawaidha yamesemwa mahali pabaya, kosa ni la mahali.

Kwa kuwa natafuta haki, sitaficha upande wa pili. Bendi iliyoajiriwa na chama, na chama kilichokuwa chini ya mkono wa serikali, haikuweza kusema kila neno. Iliimba sifa za viongozi, na siasa ya siku zile, na mema ya kufanya kazi kwa bidii, kwa kuwa mwenye vyombo ndiye aliyechagua wimbo. Nyimbo hizo nyingine zimekufa pamoja na hotuba zilizozizaa, wala sizililii. Zilizobaki ni zile za ndoa, za kilio, za umaskini, za rafiki mwenye khiana. Hili nalo lathibitisha dai langu. Wimbo wa amri huvuma siku ya sherehe. Wimbo wa kweli hubaki sherehe ikiisha.

Pingamizi la tatu hutoka kwenu ninyi vijana. Mwasema: huo ni muziki wa wazee, sisi tuna wetu. Naam, mnao, na siuchukii. Kila kizazi kina haki ya ngoma yake, na aliye na miaka kumi na sita asilazimishwe kucheza kama mtu wa miaka sitini. Lakini kijana mwenye busara hujua wimbo wake umetoka wapi. Mwaka 2013 Gurumo alitangaza kustaafu, akasema hadharani kwamba katika zaidi ya nusu karne ya kuimba hakupata kumiliki hata baiskeli. Diamond Platnumz, kijana aliyevuma kuliko wote katika Tanzania ya wakati ule, alimpa mzee huyo gari. Watu walishangilia. Gurumo alifariki mwezi wa Aprili 2014, hata mwaka haujatimia.

Namsifu kijana huyo kwa moyo wake. Alifanya lililo jema, na wengi wenye mali kuliko yeye hawakulifanya. Lakini msiniombe nishangilie tukio lenyewe. Mtu ambaye sauti yake ilijaza redio ya taifa kwa miongo mitano hakupaswa kungoja zawadi, alipaswa kulipwa. Zawadi yategemea huruma ya mtoaji, na ujira ni haki ya mfanyakazi. Jamii ikimsahau fundi wake miaka hamsini, kisha ikalia machozi ya furaha siku anapopewa gari, jamii hiyo imejipongeza kwa kulipa senti moja katika deni la shilingi mia. Na lile gari moja halikuwafikia wapiga tarumbeta, wala wapiga ngoma, wala wale wote waliosimama nyuma ya mwimbaji ambao majina yao hatuyataji.

Hapo ndipo ninaporudi Machakos, kama nilivyoahidi. Kaskazini mwetu upo mlima wa Kilimambogo, na katika nchi ya mlima huo alizaliwa Kakai Kilonzo mwaka 1954. Katikati ya miaka ya 1970 alianza kurekodi na bendi yake, Kilimambogo Brothers. Aliimba Kikamba, na aliimba Kiswahili ili asikilizwe na Kenya nzima, akasikilizwa. Gitaa la Ukambani lina desturi yake katika benga: gitaa la pili hupanda juu, jepesi, likizunguka na kuzunguka juu ya sauti kama ndege juu ya shamba la mtama. Kakai aliisikilizisha nchi nzima mzunguko huo. Alifariki mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu tu. Pamoja naye walikuwapo Peter Mwambi na Kyanganga Boys wake, na Kalambya Boys, na Kalambya Sisters, wanawake ambao sauti zao nyembamba zilivuka bahari na kupata wapenzi Ulaya. Hao wote walitoka katika ardhi hii tunayoikanyaga.

Je, katika shule zetu jina la Kakai Kilonzo hutajwa? Mtoto wa Machakos huweza kumaliza miaka yote ya masomo akiwa amefundishwa kwamba Beethoven alikuwa Mjerumani na alikuwa kiziwi, mambo ambayo ni kweli na ni mema kuyajua, asifundishwe kwamba ng'ambo ya vilima vyake alizaliwa mtu aliyelifanya gitaa la Kikamba lisikike Mombasa na Kisumu. Huitwa elimu hiyo. Mimi naiita nusu ya elimu. Wapo walimu wasemao kwamba hakuna kitabu cha kufundishia mambo hayo. Nao wasema kweli; lakini kitabu hakitashuka kutoka mbinguni. Kitaandikwa na mtu aliyeuliza, na mtu huyo hana sababu ya kutoka mbali.

Kwa hiyo sitaki mfunge ukurasa huu mkisema, mwalimu ameandika vema, kisha mwende zenu. Nataka mfanye mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wenu.

La kwanza, ulizeni nyumbani. Mwulizeni babu, na nyanya, na mjomba, ni nani waliopiga muziki katika masoko na arusi za ujana wao, bendi ziliitwaje, nani alishika gitaa la pili, vyombo vilikuwa vya nani, walilipwa nini. Andikeni majina. Jina lililoandikwa katika daftari la kurasa thelathini na mbili lina maisha marefu kuliko jina lililo kichwani mwa mzee wa miaka themanini. Mzee akifa, hamtapata wa kumwuliza tena.

La pili, sikilizeni. Nyimbo nyingi za zamani zilizokuwa zimefungiwa katika tepe na santuri zapatikana sasa hata katika simu. Keti, usikilize wimbo mmoja wa dansi tangu mwanzo hata mwisho, wote, dakika zake zote nane au kumi, usiuruke. Fuata gitaa moja peke yake. Kisha fuata jingine. Kisha fuata maneno, ujiulize mtungaji amewezaje kusimulia ndoa nzima katika beti nne. Ukifanya hivyo mara tatu hutahitaji mwalimu wa kukuambia kama kazi hiyo ni bora au si bora; sikio lako litakuwa limekwisha kujua.

La tatu, na hili ndilo zito, mlipeni fundi aliye hai. Ikiwa bendi ya kwenu yapiga, na mlango una kiingilio, lipa. Ikiwa kazi yake yauzwa kwa halali, usinunue ya wizi kwa kuwa ni rahisi. Usingoje mtu afe ndipo umwimbie sifa, wala usingoje mgeni kutoka Ulaya aje akuambie kwamba fundi wa kijiji chako ni hodari. Mgeni huyo akija, atakuta wewe ndiwe usiyejua, na yeye ndiye mjuzi wa mambo ya kwenu. Na aibu hiyo haina dawa.

Wengi wenu hamtavuma. Nasema hivyo kwa upendo, wala si kwa kuwavunja moyo. Katika darasa la watu arobaini, labda mmoja atajulikana nje ya wilaya yake, na labda hata mmoja asijulikane. Wengine mtakuwa waganga, na maseremala, na wakulima, na walimu kama mimi, mkifanya kazi ileile kila siku mbele ya watu walewale. Ikiwa leo mtakubali kwamba kazi isiyovuma si kazi, mtakuwa mmejihukumu wenyewe kabla hamjaanza. Lakini mkijifunza kumheshimu mtu aliyepiga gitaa vema miaka arobaini katika ukumbi mmoja, kwa ajili ya watu waliompenda, mtakuwa mmejifunza jinsi ya kuiheshimu kazi ya mikono yenu wenyewe.